Geti lililofunguka bila mtu: uchambuzi wa kisa cha gesti moja Mtwara

Kisa hiki kimetokea kwenye gesti moja ya Shangani, Mtwara Mjini, katikati ya msimu wa korosho, wakati vyumba vimejaa na kila siku kuna sura mpya mapokezi. Mwenye gesti na mlinzi wake wameniruhusu kukieleza. Majina yao, jina la gesti na aina ya kifaa kinachoendesha geti, pampu, taa na viyoyozi vyake kwa simu nimeyaacha, kwa sababu udhaifu ulioonekana pale uko kwenye vifaa vya namna hii vya kampuni nyingi.

Ndani ya wiki moja yalitokea mambo mawili. Kwanza, pampu ya maji iliwaka usiku bila kuwashwa na mtu. Ikapandisha maji kutoka tangi la chini kwenda kwenye simtanki la juu, simtanki likafurika, tangi la chini likakauka, na pampu ikaendelea kuzunguka bila maji hadi ikaungua. Asubuhi wageni walikosa maji ya kuoga. Siku chache baadaye geti kubwa lilifunguka usiku, na pikipiki ya mgeni mmoja, karani wa chama cha msingi aliyekuja mjini kwa shughuli za ghala, ikatoweka. Hapakuvunjwa kufuli wala hapakuharibiwa kitu.

Lawama zote zilimwangukia mlinzi. Ni mzee wa kutoka Newala, amelinda pale tangu geti likiwa la kusukuma kwa mkono. Kwenye suala la pampu aliambiwa alilala, maana mtu aliye macho angesikia maji yakimwagika. Kwenye suala la geti aliambiwa neno zito zaidi, kwamba ameuza. Dada anayesimamia gesti kwa niaba ya kaka yake aliyeko Dar es Salaam alikuwa na ushahidi ambao ungemshawishi karibu kila mtu. Programu ya simu ya mfumo ule huandika kila tukio, na usiku wa wizi iliandika: geti kuu, limefunguliwa, 22:47. Kamera ya mapokezi inaona kibanda cha mlinzi na kipande cha njia, geti lenyewe haliingii kwenye picha. Saa tano kasoro dakika 13 usiku, ambayo ndiyo 22:47, kamera inamwonyesha mzee akiinuka kwenye kiti, akitembea upande wa geti, akipotea kwenye picha na kurudi baada ya muda mfupi. Mshahara wake ukazuiwa kufidia pampu, na akaambiwa asirudi zamu mpaka kaka mtu aje aamue kama suala liende polisi.

Mimi niliitwa kwa kazi ndogo tu, kubadilisha nywila ya mfumo ili mzee asiweze tena kufungua geti kwa simu. Nikaomba kuiona hiyo simu yake. Mzee ana kitochi. Simu ya vitufe, haina intaneti wala haiwezi kubeba programu yoyote.

Dada alikuwa na jibu: kwenye kibanda kuna kitufe cha ukutani, mzee angeweza kukibonyeza. Hapo ndipo nilipoomba wasimamishe kila kitu niangalie waya. Kitufe cha kibandani kimefungwa moja kwa moja kwenye mota ya geti. Kidhibiti, yaani kile kiboksi kinachoendesha mfumo mzima, kina rilei yake, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, iliyofungwa sambamba na kitufe hicho. Mzee akibonyeza kitufe, geti linafunguka na kidhibiti hakijui chochote. Kwa hiyo tukio lililoandikwa kwenye programu haliwezi kuwa la kitufe, wala la rimoti za mkononi, ambazo nazo zinaongea na mota bila kupitia kidhibiti. Amri ile ilipita kwenye mtandao. Ushahidi uliotumika kumhukumu mzee ndio uliokuwa unamtoa, ila hakuna aliyefuata waya kujua unasema nini.

Kabla sijagusa mpangilio wowote nilinakili kumbukumbu zote za kidhibiti na za ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti, kwenye kompyuta yangu. Ruta za bei ya chini hutunza kumbukumbu kidogo sana na hufutika umeme ukikatika, na Mtwara hakuna anayehitaji kuelezwa habari ya umeme kukatika.

Saa ya kidhibiti

Kilichonisumbua ni ile picha ya kamera. Mzee anaondoka kwenye kibanda dakika ileile ambayo geti limeandikwa kufunguka. Kwa nini?

Nilimfuata nyumbani alikopanga. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Akanieleza bila kuhangaika kwamba saa tano kasoro alikuwa na mgeni mmoja aliyerudi kwa miguu kutoka kula, akamfungulia mlango mdogo wa pembeni. Geti kubwa hakuligusa. "Lile likifunguka taa yake inawaka, mtaa mzima unaona," alisema. Na saa nane hivi za usiku huwa anazunguka nyuma ya jengo na tochi, kila siku.

Hiyo taa ndiyo iliyofungua kesi. Geti za umeme nyingi zina taa ya rangi ya chungwa juu ya nguzo, inamwekamweka muda wote geti linapotembea ili mtu asibanwe. Kamera haioni geti, lakini inaona ukuta mweupe wa kibanda, na taa ikiwaka usiku lazima mwanga wake upige kwenye ukuta huo. Nikarudisha picha ya 22:47: mzee anapita, ukuta umetulia, hakuna mwanga wa chungwa. Geti halikufunguka wakati ule.

Basi nikafanya jaribio jepesi. Saa kumi na dakika ishirini jioni nilifungua geti kwa programu ya simu, nikaenda kusoma kilichoandikwa. Kilisomeka 13:20, wakati saa ya ukutani ni 16:20. Kidhibiti kilikuwa nyuma kwa saa tatu kamili. Vifaa hivi huchukua saa kutoka intaneti kwa majira ya UTC, yaani saa ya msingi ya dunia, na aliyekifunga hakuwahi kukiambia kwamba kiko Afrika Mashariki, ambako tuko saa tatu mbele. Tangu siku ya kwanza kilikuwa kinaandika matukio ya Mtwara kwa saa isiyo ya Mtwara, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisoma zile kumbukumbu, hakuna aliyegundua.

22:47 ya kidhibiti ni 01:47 ya Mtwara, saa nane kasoro dakika 13 usiku. Tukarudisha kamera hapo. Kiti cha mlinzi kitupu. Mbali, kwenye kona ya nyuma ya jengo, kuna doa la tochi linatembea taratibu. Halafu ukuta wa kibanda unaanza kupigwa na mwanga wa chungwa, unawaka, unazima, unawaka, unazima, kama nusu dakika. Kisha giza. Tochi inarudi baadaye sana. Dada alitazama picha ile zaidi ya mara moja, kisha akatoka nje kupiga simu Dar.

Nimekaa sana kwenye hili la saa kwa makusudi. Watu wanapozungumzia usalama wa vifaa hivi wanafikiria wadukuzi tu. Lakini kumbukumbu isiyo na saa sahihi, na isiyoandika nani ametoa amri, ni udhaifu unaoweza kumpeleka mtu mahabusu. Kidhibiti kile kinaandika "limefunguliwa" na kunyamaza. Palipo na pengo la jina, watu huweka jina la mtu wa chini kuliko wote aliyekuwa karibu.

Nani alibonyeza

Kumbukumbu za ndani zaidi, zisizoonekana kwenye programu ya simu, zilikuwa na kitu kimoja cha maana: anwani ya kifaa kilichotoa amri. Ilianza na 192.168.1, maana yake kilikuwa kwenye mtandao wa gesti wenyewe, si cha nje. Mtu aliyefungua geti alikuwa ameunganishwa na waifai.

Na waifai ya gesti ni ya nani? Ni ya kila mtu. Nywila yake imeandikwa kwenye karatasi pale mapokezi na nyuma ya mlango wa kila chumba, haijabadilishwa kwa miaka, na msimu wa korosho umepitisha mamia ya simu. Ruta ni moja, mtandao ni mmoja. Simu za wageni, kompyuta ya mapokezi, kamera na kidhibiti vyote viko mahali pamoja.

Nilimwomba mhudumu anipe simu ambayo haijawahi kuhusika na mfumo ule. Akatoa yake. Tukaiunganisha na waifai kwa nywila ya kwenye karatasi, tukapakua programu ya kampuni iliyotengeneza kidhibiti, tukaifungua. Haikuuliza jina, haikuuliza nywila. Ilizungusha kiduara kidogo, ikaandika kwamba imepata kifaa kimoja, na orodha ikashuka: Geti kuu. Pampu ya maji. Taa za uwanja. Kisha viyoyozi, chumba kwa chumba. Mhudumu akagusa "Geti kuu" kwa kidole, na huko nje taa ya chungwa ikaanza kumweka. Kati ya kupata nywila ukutani na geti kufunguka, kazi kubwa ilikuwa kusubiri programu ipakuliwe.

Hakuna ufundi wowote hapo. Mgeni mwenye kifaa cha kampuni hiyohiyo nyumbani kwake angeweza kufungua programu yake ili aangalie taa za kwake na kukuta geti la gesti limo kwenye orodha. Pengine hivyo ndivyo ilivyoanza.

Kinachofanyika nyuma ya kile kiduara ni utaratibu unaoitwa UPnP. Simu inapaza ujumbe kwa vifaa vyote vya mtandao, kwenye anwani ya pamoja 239.255.255.250, poti 1900 (poti ni mlango wa mawasiliano wenye namba yake), ikiuliza nani yupo. Kidhibiti kinajibu: nipo, anwani yangu ni hii, na mambo ninayoweza kufanya ni haya. Utaratibu huu ulitengenezwa ili vifaa vya nyumbani vitambuane bila mwenye nyumba kuhangaika, na katika muundo wake wa kawaida hauna sehemu ya kumtaka anayeuliza ajitambulishe. Msingi wake ni dhana moja: aliyemo ndani ya mtandao wa nyumba ni mtu wa nyumba. Kwa familia ya watu wanne dhana hiyo inaweza kupita. Kwa gesti haipiti hata siku moja, na hata kwa familia, hebu hesabu ni mafundi, ndugu na marafiki wangapi wamepewa nywila ya waifai yako.

Udhaifu huu si mpya. Mwaka 2013, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa Black Hat huko Las Vegas, watafiti wa kampuni ya Trustwave walionyesha kasoro za vifaa kadhaa vya nyumbani, kikiwemo kidhibiti cha VeraLite. Toleo la programu 1.5.408 la kifaa hicho lilikubali amri za UPnP kwenye poti 49451 bila kumtambua mtumaji, na mtumaji angeweza hata kuendesha msimbo wake mwenyewe ndani ya kifaa. Kasoro hiyo imesajiliwa kwenye CVE, orodha ya umma ya kasoro za usalama, kama CVE-2013-4863. Mwaka huohuo mwandishi wa habari wa Marekani Kashmir Hill, akiandikia Forbes, alieleza jinsi alivyokuta kurasa za mifumo ya kuendesha nyumba ya kampuni ya Insteon kupitia mtambo wa kawaida wa kutafuta, bila nywila, akaweza kuwasha taa za nyumba za watu asiowajua kutoka kwake San Francisco. Na Januari 2013 kampuni ya Rapid7 ilitangaza kwamba ilipouliza intaneti nzima kwa UPnP, anwani zaidi ya milioni 80 zilijibu, ilhali utaratibu huo haukupaswa kabisa kuonekana nje ya nyumba. Kidhibiti cha Shangani ni cha kampuni nyingine, lakini ugonjwa wake ni huohuo, na ulikuwa umeshaandikwa wazi muda mrefu kabla hakijafungwa ukutani.

Nani hasa alibonyeza usiku ule, hatukuweza kusema. Ruta ilikuwa bado na kumbukumbu ya kifaa kile: haikuwa na jina, na anwani yake ya maunzi, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye waifai, ilikuwa na herufi A katika nafasi ya pili. Nafasi hiyo ikiwa na 2, 6, A au E, anwani haikutoka kiwandani, imebuniwa na simu yenyewe. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hufanya hivyo kwa kawaida ili watu wasifuatiliwe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ni kinga nzuri kwa mwenye simu. Kwetu ilimaanisha kwamba njia imekatika hapo.

Pampu ilikuwa habari nyingine kabisa

Nilitegemea kukuta mtu yuleyule kwenye suala la pampu. Haikuwa hivyo. Amri ya pampu ilikuja saa nane na dakika 12 usiku, na ilitoka nje, kwenye anwani ya intaneti ya mbali.

Mwenye gesti alitaka kuona gesti yake akiwa Dar, jambo la haki kabisa. Laini nyingi za simu hapa nchini huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo huwezi kukifikia kifaa cha nyumbani ukiwa mbali hata ukitaka. Fundi aliyefunga mfumo alilijua hilo, akamshauri achukue laini ya faiba yenye IP ya kudumu, yaani anwani yake ya umma isiyobadilika. Kisha akafungua poti kwenye ruta, ikaelekea moja kwa moja kwenye ukurasa wa kidhibiti. Kaka mtu akaandika ile namba kwenye simu yake, ukurasa ukafunguka, akafurahi. Dunia nzima nayo ingeweza kuiandika.

Kwenye kumbukumbu za usiku ule, anwani ya nje ilifungua ukurasa mkuu, na ndani ya dakika moja ikagusa kila kiungo kilichokuwepo, kwa mpangilio kutoka juu hadi chini. Binadamu habofyi hivyo. Ni roboti ya intaneti, programu inayozunguka kurasa za dunia na kufuata kila kiungo inachokiona ili ijue kilicho nyuma yake. Zipo za mitambo ya kutafuta, zipo za watafiti wanaohesabu vifaa, zipo za wenye nia mbaya. Hii sijui ilikuwa ya kundi gani, na kwa matokeo yake haina tofauti. Ukurasa wa kidhibiti ulikuwa umetengenezwa kwa namna ambayo "Washa" na "Zima" ni viungo vya kawaida. Kukifuata kiungo ni kutoa amri. Kanuni za HTTP, utaratibu wa kuomba na kutuma kurasa za intaneti, zinasema ombi la kusoma ukurasa, lile la GET, lisibadilishe kitu upande wa pili, na sababu yake ni hii hii: roboti zinasoma tu, na ukiziwekea swichi mahali pa maandishi zitaibonyeza.

Kwa kila kifaa, kiungo cha "Zima" kilitangulia na "Washa" kikafuata. Roboti ikapita kwa zamu, ikazima na kuwasha, na kila kitu kikabaki kimewashwa. Taa za uwanja zilikuwa zinawaka tayari, hakuna aliyeona. Viyoyozi vya vyumba vitupu vikawaka, na mhudumu alipovikuta asubuhi alidhani wageni walioondoka wamevisahau. Uniti za Luku zilishuka kuliko kawaida, dada akalipeleka hilo nalo kwenye hesabu ya mzee. Geti halikuguswa kwa sababu amri yake peke yake ilipita kwenye fomu ya kuthibitisha, na roboti ile ilifuata viungo tu.

Pampu ikaunguruma hadi alfajiri. Na kuhusu mzee kutosikia maji: simtanki liko nyuma ya jengo, bomba lake la kumwaga ziada linaingia kwenye mtaro, na usiku ule mvua ilikuwa inanyesha. Hilo alilisema tangu siku ya kwanza.

Hapa nina neno kwa mafundi wenzangu wa umeme na maji. Pampu yoyote inayovuta kwenye tangi inatakiwa iwe na floti, yaani swichi inayoelea kwenye maji, ya kuikata maji yakiisha, na simtanki liwe na floti ya kuikata likijaa. Ni kifaa cha bei ndogo kinachofanya kazi hata kama intaneti imekufa. Pale Shangani havikuwepo, kwa maelezo kwamba "mfumo wa simu utafanya". Kinga ya mashine inakaa kwenye waya wa mashine. Programu ya simu ni ya kurahisisha maisha, isikabidhiwe kazi ya kuzuia pampu isiungue.

Tulichobadilisha

Kazi ya kwanza ilikuwa kufunga ile poti, na tuliifunga palepale. Kaka mtu sasa anaingia kwa VPN, yaani njia ya siri inayofunguka kwa mwenye funguo tu, iliyo kwenye ruta mpya. Anaona kamera zake kama zamani, na kwa watu wa nje hakuna ukurasa unaojibu.

Pili, tulitenganisha mitandao. Wageni wana waifai yao, simu zao haziwezi kuonana wala kuona vifaa vya gesti. Kuna tahadhari hapa: ruta nyingi zina kipengele cha mtandao wa wageni, lakini kuna zinazobadilisha jina la waifai na kuacha njia ya ndani wazi. Usiamini maandishi ya kwenye skrini. Unganisha simu upande wa wageni, fungua programu, angalia kama kidhibiti kinaonekana. Tulirudia jaribio lilelile kwa simu ileile ya mhudumu, na safari hii kiduara kilizunguka bila kupata kitu.

Tatu, kulikuwa na jambo linalowachanganya wengi. Mtu akisoma kwamba UPnP ni hatari, anaingia kwenye ruta na kuizima, anaona amemaliza. Kuizima kwenye ruta kunazuia vifaa vya ndani visijifungulie poti kwenda nje, na ni vizuri kufanya hivyo. Hakukizuii kidhibiti kuendelea kujibu simu iliyo ndani ya mtandao huohuo. Ni milango miwili tofauti.

Kwenye menyu ya kidhibiti, ndani kabisa, tulikuta kipengele cha kudai nywila hata kwa watu wa ndani. Kilikuja kimezimwa tangu kiwandani. Tulikiwasha, programu ya simu ikaanza kuuliza nywila, na mtu angeweza kuridhika hapo. Nikatuma amri ya UPnP moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, bila nywila. Taa za uwanja zikazima. Nywila ilikuwa imewekwa kwenye mlango wa mbele peke yake. Toleo jipya la programu la kurekebisha hilo halipo, kwa kuwa mtengenezaji ameshaiacha aina hiyo na kuhamia nyingine.

Kwa sababu hiyo nilisimama kwenye shauri moja ambalo kaka mtu hakulipenda: geti litolewe kabisa kwenye kidhibiti. Alitaka abaki na uwezo wa kulifungua akiwa Dar. Nilimuuliza ni lini mtu aliye zaidi ya kilomita 500 aliwahi kuhitaji kufungua geti ambalo mlinzi amekaa pembeni yake. Akafikiri, akakubali. Sasa geti lina kitufe cha kibandani na rimoti zinazobadilisha msimbo kila zinapobonyezwa. Rimoti za msimbo usiobadilika zilizokuwepo tulizitoa, kwani hizo kuzinakili ni kazi ya dakika chache.

Kidhibiti cha zamani kimebaki na taa na viyoyozi kwenye mtandao uliotengwa, hadi pesa ya kipya ipatikane. Nilipokwenda dukani kuulizia kipya, swali langu lilikuwa moja: kitapata masasisho ya usalama mpaka mwaka gani? Muuzaji hakuwa na jibu, na boksi halikuwa na jibu. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji autaje muda huo waziwazi, aache kutoa nywila moja kwa vifaa vyote, na aweke mahali pa kupokea taarifa za kasoro. Sisi wanunuzi wa hapa tunaweza kuanza kwa kuuliza tu. Masasisho yana maana kubwa hata kwa mfumo ulio bora. Machi 2023 Home Assistant, mfumo huria wa kuendesha vifaa vya nyumbani unaoheshimika, ulikutwa na kasoro ya kuruka utambulisho, CVE-2023-27482, iliyopewa alama 10 kati ya 10 za ukali. Marekebisho yalitoka mwezi huohuo, na waliosasisha walikuwa salama. Upande wa pili kuna Insteon, iliyozima seva zake Aprili 2022 bila kuwaaga wateja, na watu wakaamka vidhibiti vyao havifikiki tena kwa simu.

Mzee, karani na fundi

Karani aliyeibiwa pikipiki alitaka apewe kitabu cha wageni awafuate mmoja mmoja. Uchungu wake unaeleweka. Dada alikataa, na alikuwa sahihi. Majina na namba za wageni ni taarifa binafsi, zinalindwa na sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na kuna watu wengi kwenye kitabu kile ambao hawajafanya lolote. Kitabu, picha za kamera na nakala za kumbukumbu vilipelekwa polisi, pamoja na maelezo yangu ya maandishi kuhusu tofauti ya saa tatu. Kuingia kwa makusudi na bila haki kwenye mfumo wa kompyuta ni kosa chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, mbali na wizi wenyewe. Pikipiki haijapatikana hadi naandika.

Kaka mtu alikuja kutoka Dar. Alimwita mzee, akamrudishia mshahara wote uliozuiwa, akamwomba radhi mbele ya wafanyakazi waliosikia anaitwa mwizi. Mzee alikubali kurudi, kwa sharti moja. Alitaka kitufe chake nacho kiandikwe. "Siku nyingine kikisema ni mimi, kiwe ni mimi kweli," alisema. Ni sharti la maana kuliko mapendekezo yangu mengi. Tumeweka swichi ya sumaku kwenye reli ya geti, inaandika kila geti linapofunguka kwa njia yoyote, na mstari wake wa pili unaandika kitufe cha kibandani peke yake. Saa yake ni ya Afrika Mashariki, na betri inaitunza umeme ukikatika.

Palibaki suala la pampu nani alipe. Fundi aliyefunga mfumo ni wa hapahapa mjini, na alisema mteja aliomba aone kutoka Dar, naye alimpa alichoomba. Nilimshauri kaka mtu anunue pampu mwenyewe, na kwa fundi adai kitu kingine: orodha ya nyumba zote alizofunga kwa mtindo uleule. Fundi aliitoa bila ubishi, na kwa hilo namheshimu. Zipo za Mtwara na zipo za Lindi. Tumeanza na za Lindi mimi na yeye pamoja. Nyumba ya kwanza, Mtanda, ilikuwa na poti wazi na saa ya kidhibiti nyuma kwa saa tatu. Ya pili ni zahanati, na huko kidhibiti kinaendesha friji ya dawa, kwa hiyo tumemwomba daktari aturuhusu tuingie Jumapili, kabla ya wiki ya chanjo kuanza.